Sura ya Saba: Mayai Manne na Kamba Mmoja

"Hicho chakula usikifikirie," Ludovic alimwambia mlangoni, akimpangusa theluji begani. "Wewe kimeze tu. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikitema kwenye chungu cha maua, na bado alinipenda."

Belyse alicheka. Siku hiyo alikuwa tayari kuchekea kila kitu. Ilikuwa Jumamosi ya Pasaka, mwaka 2010, na kwa mara ya kwanza tangu wawe wachumba alikuwa amealikwa mezani kwa Mama Gunvor, huko Tumba, Sweden. Miaka minne! Kila mara walipopanga kwenda, Ludovic alikuja na sababu. Mara Mama Gunvor anaumwa mgongo, mara ana wageni, mara ni mtu wa aibu, anahitaji muda. Belyse akavumilia. Sasa alikuwa amevaa gauni la kitenge cha bluu, na juu yake koti zito, maana Aprili ya huko haina adabu: jua linakuita nje, ukitoka baridi inakuzaba kofi.

Mama Gunvor hakumzaa Ludovic. Alimpokea tu, pale Ludovic alipofika Sweden kutoka Bujumbura akiwa na miaka kumi na minne na mfuko mmoja wa plastiki, hana wa kumwita baba wala mama. Akamlisha, akamsomesha, akamtunza mpaka akawa dereva wa basi mwenye mabega mapana na tabasamu la kuwapa wasichana homa. Kwa hiyo pale Tumba ndiko kulikuwa ukweni. Belyse hakuwa na mama mkwe mwingine wa kumkubali wala wa kumkataa.

Na kukubaliwa alikutaka sana, kwa sababu kwao alikuwa amepigana vita.

Mama yake, Vénantie, hakuwahi kumpenda Ludovic. "Yule kijana," alikuwa akisema jikoni kwao Hallunda, kisu mkononi, vitunguu vikimtoa machozi, "nikimuuliza habari za nyumbani kwao ananiambia habari za hali ya hewa. Mwanamume wa hivyo ana chumba amekifunga."

"Mama, humjui."

"Na wewe unamjua?"

"Namjua kuliko ninavyojijua mwenyewe! Siku akinidanganya hata mara moja, nitakuja hapa nikupigie magoti."

Maneno yakawa makali. Belyse akafunga mizigo, akaenda kukaa Flemingsberg kwa rafiki yake Natacha, karibu na hospitali ambako Belyse mwenyewe alikuwa akifanya kazi ya kuhudumia wagonjwa. Wiki sita alilala kwenye chumba kimoja na mtoto wa Natacha, Zuri, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemsimamia kanisani siku ya ubatizo. Zuri alikuwa akimwita *marraine*, mama wa ubatizo, na kulala amemshika sikio. Na kila jioni Ludovic alikuwa akija kuwaona na mfuko wa machungwa. Mwishowe mama mtu akasalimu amri. Posa ikapokelewa, tarehe ikapangwa, mwezi wa sita, na Natacha akachaguliwa kuwa msimamizi wa bibi harusi.

Hayo yote yalikuwa nyuma. Mlango ukafunguliwa.

Mama Gunvor alikuwa mzee mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi, aproni ya manjano kiunoni. Alimshika Belyse mashavu kwa mikono miwili iliyonuka siki, akamtazama machoni kwa muda mrefu, kisha akasema kwa Kiswidi cha polepole, "Hatimaye. Nimekusubiri kweli, mwanangu."

Belyse aligeuka kumwangalia Ludovic ili wafurahi pamoja, lakini Ludovic alikuwa ameinama akifungua viatu, na kamba za viatu vyake siku hiyo zilikuwa na mafundo mengi ajabu.

Meza ilikuwa imeandaliwa dirishani. Mbele ya sahani kulikuwa na vitawi vilivyofungwa manyoya ya rangi, kama desturi ya Pasaka ya Waswidi, na viazi vilivyochemshwa, na mkate mweusi. Katikati palikuwa pameachwa wazi. Belyse alijua ni kwa ajili ya nini.

Ludovic alikuwa amemweleza wakiwa njiani. Katika nyumba ya Mama Gunvor kulikuwa na chakula kimoja cha Pasaka, cha tangu enzi za bibi yake. Ni samaki aitwaye mkunga, yule mrefu kama nyoka. Huchemshwa kwa siki na viungo, mchuzi wake ukachujwa mpaka ukawa maji matupu, ukatiwa jeli, ukamwagwa juu ya minofu ndani ya chombo cha shaba na kuachwa kwenye baridi ya roshani usiku kucha. Lakini kabla ya kumwaga, Mama Gunvor hupanga chini ya chombo vipande vya yai la kuchemsha. Kila mtu wa nyumba ana kipande chake. Akifa mtu, chake hakiwekwi tena. Akija mtu mpya, anaongezewa siku mama mwenye nyumba atakapoona amekuwa wao.

"Ukiona vipande vitatu," Ludovic alikuwa amesema, "ni Mama Gunvor, binti yake Kerstin aliyeolewa Göteborg, na mimi. Ukiona vinne..." Akambusu kidole chenye pete.

Mama Gunvor akatoka jikoni na chombo chake cha shaba. Akakifunika kwa sahani kubwa, akakipindua, akakizungushia kitambaa cha maji ya moto. Akahesabu kumi kwa sauti. Kisha akainua.

Kikatoka kizima, kinang'aa, kinatetemeka. Ukitazama juu unaona mpaka chini: minofu ya kijivu imelala, majani ya kunukia yaitwayo dili yamening'inia pasipo kugusa kitu, pilipili manga mbili tatu zimesimama hewani. Belyse alikulia kambini Kigoma, akila dagaa waliokauka na samaki waliokaangwa. Samaki aliyeketi ndani ya mchuzi uliosimama wenyewe hakuwa amemwona. Lakini macho yake hayakuwa na habari na samaki, yalikuwa yakihesabu.

Moja. Mbili. Tatu.

Nne.

"Mama Gunvor!" alisema, mkono ukaenda mdomoni.

"Ndiyo, la nne ni lako," mzee akasema, na macho yake ya bluu yakalowa. "Kaa, kaa. Kata mwenyewe. Anayeingia ndiye hukata wa kwanza, na hukata penye yai lake."

Belyse akashika kisu. Hapo ndipo alipoona, pembeni ya yai la tatu, la Ludovic, limeegemea kabisa kama mtoto anavyomwegemea baba, kijidudu cha rangi ya waridi kilichojikunja. Kamba, yule wa baharini, mdogo kama kidole.

Alitabasamu. Akadhani ni utani wa wazee, wa kuwaombea uzazi. Kwao pia wanawake wasingengoja harusi ipite ndipo waanze kuulizia mtoto.

"Na huyu kamba?" aliuliza, akimwangalia Mama Gunvor kwa haya. "Mbona mnaniharakisha?"

"Chérie, mpenzi, kata tu," Ludovic akasema kwa Kiswahili, haraka. "Kata, viazi vinapoa."

"Wakubwa ni yai, watoto ni kamba," Mama Gunvor akaeleza. "Hata Ludovic alikuwa kamba mwaka wake wa kwanza, akakasirika." Akacheka kidogo, kisha akapunguza sauti. "Najua Ludovic aliniomba tusimtaje leo, kwamba leo ni siku yako. Na sitamtaja, nisamehe. Lakini kumwacha mtoto nje ya sahani, hapana, hilo sijawahi kulifanya. Na wewe najua huwezi kuchukia. Mwanamke aliyembeba Zuri kwa mikono yake mwenyewe mpaka kwenye maji ya ubatizo, huku anajua ni mtoto wa nani! Siku Ludovic aliponieleza kwamba umemsamehe na ni wewe uliyeomba uwe mama wa ubatizo, nililia. Ndiyo maana nimekuwekea yai."

Kisu kilikuwa tayari kimeshaingia kwenye jeli. Belyse alikiona kikishuka chenyewe mpaka kikagonga sahani.

Zuri. Wa Natacha. Ambaye baba yake, Natacha alikuwa ameapa, alikimbilia Brussels kabla tumbo halijaonekana. Zuri wa miaka miwili na nusu, na yeye na Ludovic walikuwa katika mwaka wa nne. Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu.

Hakupiga kelele. Mbele yake palikuwa na mzee mwenye macho ya machozi ambaye hakujua alichokifanya, na Belyse alilelewa kutomtia aibu mwenye nyumba mezani kwake. Alikata kipande chenye yai lake, akakiweka sahanini. Kisha akamgeukia Ludovic, akatabasamu kwa meno yote, akasema kwa Kiswahili, taratibu, kana kwamba anasifia viazi:

"Ni kweli?"

"Belyse, tusiongee hapa."

"Hapa ndipo pazuri. Mwenyeji wetu hasikii Kiswahili. Tabasamu, Ludovic, anatuangalia. Ni kweli?"

Ludovic alitabasamu. Ulikuwa mdomo tu. "Ilikuwa mara moja. Ulikuwa umeenda Kigoma kumzika bibi yako, nilikuwa peke yangu..."

"Nilienda kuzika."

"Najua."

"Wiki tatu. Nilikuwa nakupigia simu kutoka mjini, napanda gari kwa muda wa saa mbili ili nikusikie tu."

"Najua, chérie, najua. Nilijilaumu..."

"Mnasemaje?" Mama Gunvor akauliza kwa furaha. "Ni kitamu?"

"Bado hajaonja, Mama," Ludovic akajibu kwa Kiswidi.

Basi Belyse akaonja. Aliweka kinywani ule mnofu na jeli yake. Ulikuwa baridi, chumvi na siki, na ukateleza ulimini kabla hajaamua kama anautaka. Akautafuna. Jeli ikayeyuka, ikawa mchuzi tena. Yule mkunga mwenyewe alikuwa laini, mwenye mafuta, tena mtamu, na hilo lilimuuma kupita yote. Siku nyingine angeomba aongezewe.

"Ni kitamu sana," alimwambia mzee, na haukuwa uongo. Kisha kwa Kiswahili: "Aliyeniomba niwe *marraine* ni Natacha. Alikuja hospitali na keki. Akasema, 'Belyse, sina ndugu hapa, mtoto wangu hana baba, simama naye.' Nilinunua lile gauni jeupe. Wewe ulipiga picha. Ulisimama nyuma ya kanisa ukapiga picha. Wazo lilikuwa la nani?"

Ludovic akashika glasi, akaiachia.

"Nakuuliza. La nani?"

"Tulidhani... ukimpenda mtoto kwanza, siku ukijua itakuwa rahisi."

"Tulidhani."

"Belyse..."

"Ninyi wawili mliketi mkadhani. Mlikuwa mmekaa wapi? Kwenye kile kiti chekundu cha Natacha? Na zile wiki sita nilizolala pale, machungwa yale yalikuwa ya nani? Mimi namwambia mama yangu, angalia mwanamume anavyonipenda, kila jioni anakuja! Nilimfokea mama yangu kwa ajili yako. Nilimwambia hajui kupendwa, ndiyo maana anaona wivu. Mama yangu, Ludovic!"

Sauti ilikuwa imepanda. Tabasamu lilikuwa bado lipo, limesahaulika usoni kama nguo iliyoachwa kwenye kamba mvua inanyesha, na machozi yakapita juu yake.

Mama Gunvor aliweka uma chini. "Belyse? Nimekosea nini?"

"Hujakosea, Mama Gunvor." Belyse akavuta pumzi, akatafuta Kiswidi chake chote, kile cha kuwaambia jamaa wa wagonjwa habari mbaya. "Mimi sikujua."

"Hukujua nini?"

"Kwamba Zuri ni mtoto wa Ludovic. Nimejua sasa hivi. Kwa huyu kamba."

Mzee alimtazama Ludovic. Hakuwa na hasira usoni, hiyo ingekuwa nafuu. Alikuwa akimtazama kama anayejaribu kukumbuka amemwona wapi.

"Uliniambia amesamehe," akasema. "Miaka miwili unaniambia haji kwangu kwa sababu bado anaumia, nimpe muda."

"Mimi aliniambia wewe ni mtu wa aibu," Belyse akasema.

"Mimi?" Mama Gunvor akasema. "Aibu?"

Siku nyingine wangecheka wote wawili. Ludovic aliinuka, akaja akapiga magoti kando ya kiti cha Belyse, kichwa chake kizuri kimeinama, na Mungu shahidi, mkono wa Belyse ulitaka kwenda wenyewe kwenye zile nywele. Alimpenda. Dakika kumi hazitoshi kufuta miaka minne. Alikuwa anampenda na alikuwa anataka kutapika.

"Nitarekebisha," Ludovic akanong'ona. "Natacha si kitu kwangu. Nilikuwa naogopa kukupoteza, basi. Harusi ni Juni. Watu wamealikwa, mama yako amekubali. Usitutie aibu, Belyse. Nakuomba."

Hilo la mwisho ndilo lililomwamsha. Mkono uliokuwa unataka kwenda kwenye nywele ulirudi mapajani.

"Nisiwatie aibu," akarudia.

Alishika pete yake. Kwa kawaida ilikuwa haitoki. Kazini ilimbidi aivue kila siku kwa sabuni, na wenzake walikuwa wakimtania kwamba imeota mizizi. Lakini vidole vyake vilikuwa na mafuta ya mkunga, na pete ikateleza mara moja, kama iliyokuwa ikingojea. Akaiweka ukingoni mwa sahani kubwa, karibu na yai la tatu.

"Nimeshiba, Mama Gunvor," akasema akisimama. "Asante kwa chakula. Asante kwa yai."

Ludovic akaruka kufuata koti lake. "Nakupeleka..."

"Wewe kaa chini," Mama Gunvor akasema.

Hakupaza sauti. Ludovic, mtu mzima wa miaka thelathini na moja, akakaa. Mzee alikwenda na Belyse mpaka mlangoni, akamfunga vifungo vya koti kimoja kimoja hadi shingoni, kama mtoto anayepelekwa shule.

"Lile yai sikuliweka kwa ajili yake," akasema. "Ulisikia? Mwaka kesho litakuwepo. Uje usije."

Belyse alimkumbatia, akatoka.

Nje jua lilikuwa bado kali, theluji imekuwa maji barabarani, na watoto wa Kiswidi walipita wamefunga vitambaa kichwani kama bibi vizee, mashavu yamepakwa rangi, wakigonga milango kuomba peremende za Pasaka. Belyse alitembea hadi kituo cha basi kando ya stesheni ya Tumba bila kuhisi miguu. Basi la Hallunda lilikuwa lifike baada ya dakika nane. Alifikiria jikoni kwao. Alifikiria atakavyovua viatu, apige magoti kwenye zulia, kama alivyoahidi, na jinsi mama yake atakavyochukia kuona ahadi hiyo inatimizwa.

Simu ikalia mfukoni. Alidhani ni Ludovic. Jina lililokuwa likiwaka kwenye kioo lilikuwa la Natacha.

Akapokea. Mpaka leo hajui kwa nini alipokea.

"Allô? Ngoja, kuna mtu anataka kukusalimia," Natacha akasema akicheka. Simu ikakwaruza, pumzi ndogo ikasikika, halafu sauti nyembamba ikasema kwa Kiswidi, "Tack för ägget, marraine!" Ilikuwa shukrani ya lile yai kubwa la karatasi lililojaa peremende ambalo Belyse alikuwa amempelekea juzi.

Akafumba macho. Alijaribu kumchukia mtoto yule, akashindwa, hata kwa nukta moja. Aliapa mbele ya madhabahu kwamba atasimama naye, na katika viapo vyote vilivyopita kanisani siku ile, chake peke yake hakikuwa na hila.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Usizile zote leo."

Kicheko, miguu ikikimbia. Natacha akarudi kwenye simu.

"Ehe, bibi harusi! Hebu nipe habari za ukweni. Huyo mzungu wenu ana roho nzuri? Wamekupa nini?"

Alivyouliza ungedhani hajawahi hata kusikia jina la Tumba.

"Samaki," Belyse akajibu. Sauti yake ilikuwa imetulia, yeye mwenyewe akaishangaa. "Samaki wa jeli."

"Jamani! Unakulaje kitu hicho? Mimi nisingeweza."

"Unazoea. Kulikuwa na mayai manne juu yake, la kwangu lilikuwepo." Akameza mate. "Na kamba wa Zuri alikuwepo."

Upande wa pili televisheni ilikuwa ikiimba wimbo wa watoto. Basi likaingia kituoni, milango ikafunguka. Belyse alipanda, akaonyesha kadi yake, akaketi dirishani na simu bado ipo sikioni. Alisubiri kituo cha kwanza kikapita, na cha pili.

Natacha hakuuliza kamba gani.